Siku Vifaranga wa Masinya Walipokwama Mtandaoni

Zubaida Hamuza hasemi asante tupu. Akikushukuru ni lazima ataje kitu chenyewe: asante kwa kuniwekea kiti kivulini, asante kwa kuniambia ukweli kuhusu lile gari, asante kwa kutopiga kelele mbele ya wateja. Wageni hudhani anawadhihaki. Wanaomfahamu, na Busia upande wa Uganda hao ni wengi, wanajua kwamba tabia hiyo ameirithi kwa baba yake, Mzee Hamuza, aliyesimamia wachukuzi wa mizigo mpakani kabla ya kujengwa majengo ya sasa ya forodha. Mzee Hamuza alikuwa akisema kwamba mchukuzi anayeshukuriwa kwa jumla hajui ni kipi akirudie kesho.

Zubaida ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuandaa na kupeleka karatasi za mzigo wa mtu mwingine ili mzigo huo uvuke mpaka kwa halali. Mawakala wenzake wanapenda saruji, mabati na mafuta ya kupikia, vitu vinavyoweza kulala kwenye lori bila kudhurika. Yeye alichagua mizigo inayopumua au inayooza: nyanya, mayai, miche, vifaranga. Nguruwe tu ndio huwaachia wengine.

"Saruji inaweza kunivumilia," anasema. "Kifaranga hana hiyo subira."

Ofisi yake ni chumba kimoja karibu na uzio wa mpaka. Dirisha linatazama njia ya wachukuzi: baiskeli, mikokoteni, na zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo watu wenye ulemavu wa miguu huziendesha kwa mikono zikiwa zimesheheni magunia. Chumba hicho ni tawi la kampuni ndogo ya uwakala yenye makao yake Tororo. Karatasi za mteja huingizwa kwenye kompyuta ya Busia, zinasafiri kwa intaneti hadi kompyuta kuu ya kampuni mjini Tororo, na kutoka huko zinaingia kwenye mfumo wa forodha. Kati ya Busia na Tororo zinapita katika njia iliyofungwa, ambayo mafundi huiita VPN, ili mtu asiyehusika asizichungulie. Mfumo unamtambua Zubaida akiwa kwenye kompyuta ile tu, na akipitia njia ile tu.

Aliyeiweka njia hiyo ni Oketcho, fundi wa mitandao wa kampuni. Ni mtoto wa wakulima wa Tororo, mwenye stashahada ya kompyuta na sauti ya mtu asiyepanda jukwaani kwa hiari. Alikuja Busia mara moja, akafunga ukutani ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti ofisini, akajaribu kila kitu, kikafanya kazi, akarudi kwao. Tangu hapo yeye na Zubaida wamekuwa wakijuana kwa simu, na sehemu kubwa ya kujuana kwao ni kutaniana.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kwanza ujue jambo moja ambalo watu wa Busia hawaoni sababu ya kulieleza. Kila mkazi wa pale ana laini mbili za simu, moja ya Uganda na moja ya Kenya. Mnara wa upande huu ukipiga vizuri, anatumia huu. Ukizubaa, anahamia ule. Anafanya hivyo akitembea, akiongea, wakati mwingine bila kukatisha sentensi. Hakuna anayeliita jambo hilo kubadilisha mtandao. Ni sawa na mtu aliyeketi nje kusogeza kiti kufuata kivuli.

Msimu wa mvua za masika, upepo uliangusha mti juu ya nyaya za umeme, na mnara ulio jirani na ofisi ya Zubaida ukazimika. Zubaida alitoa laini ya Uganda kwenye ruta, akapachika ya Kenya. Taa zikawaka kijani. Ujumbe ukaingia, ujumbe ukatoka. Akaendelea na kazi zake ndogo ndogo, wala hakumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na la kusema.

Kisha Rasto akafika na vifaranga.

Rasto ni dereva wa upande wa Kenya ambaye husafirisha vifaranga wa siku moja kutoka kwenye mashine za kutotolesha. Siku hiyo alikuwa amebeba maboksi ya kuroila, wale kuku wanaokua haraka na kutaga vizuri, kwa ajili ya kikundi cha wanawake wa Masinya, upande wa Uganda. Mwenyekiti wa kikundi ni Anjeline, mkulima na mama wa watoto wakubwa. Kikundi kilikuwa kimeuza mahindi yake yote ya msimu ili kuwanunua vifaranga hao. Wakifa, hapakuwa na mahindi mengine, na mwenye mashine alikuwa amekwisha kusema kwamba oda nyingine ingesubiri hadi msimu mwingine.

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa anaweza kuishi kwa muda bila chakula wala maji, kwa sababu bado anatumia kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Jua ndilo asiloliweza. Gari likienda, upepo unapita kwenye matundu ya maboksi. Gari likisimama, boksi linakuwa chungu jikoni.

Zubaida alikuwa na kila karatasi: cheti cha daktari wa mifugo, kibali cha kuingiza, hati ya mnunuzi. Alizipitisha kwenye skana, akaingia kwenye mfumo. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka, ila bila picha. Akaambatisha hati, akabonyeza kutuma. Mstari wa buluu ukaanza, ukasogea kidogo, ukasimama.

Akasubiri. Akarudia. Ukasimama palepale.

Alifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Alizima ruta na kuiwasha. Aliisogeza dirishani. Alinunua bando kubwa zaidi. Mstari ulianza, ukasogea kidogo, ukasimama. Kilichomtatiza ni kwamba ujumbe mfupi ulikuwa ukipita vizuri kabisa. Aliwaandikia wenzake wa Tororo, "Mnanipata?" Wakajibu papo hapo, "Tunakupata sana." Mtandao ulikuwepo, lakini hati hazikwenda.

Akampigia Oketcho.

"Oketcho, hii mtandao yako imekufa."

"Ikifanya kazi ni yako, ikikufa ni yangu."

"Mimi nasema kweli. Niko na vifaranga hapo nje."

"Hao ndio nasikia? Nilifikiri ni simu yangu inaharibika."

"Ni hao. Sasa wewe cheka, lakini fanya haraka."

Oketcho hakucheka tena. Alitazama kompyuta yake. Njia ya Busia ilikuwa wazi, bila alama nyekundu hata moja. Akauliza swali ambalo kila fundi huanza nalo.

"Mama Hamidah, umebadilisha nini?"

"Hakuna kitu nimebadilisha."

Hakuwa anaongopa. Hamidah ni binti yake mkubwa, na anasema mama yake akitaka kudanganya hujikuna shingo. Siku hiyo shingo ilikuwa salama.

Oketcho akaamini, na kwa kuamini akapoteza sehemu nzuri ya asubuhi. Alidhani hati ni nzito mno, akamwambia Zubaida azipunguze ukubwa. Akazipunguza, zikakwama. Akamwambia atume ukurasa mmoja tu, nao ukakwama. Akadhani kompyuta kuu ya Tororo imechoka, akaizima na kuiwasha, na ofisi nzima ya Tororo ikamlalamikia. Akajaribu kuingia kwenye ruta ya Busia akiwa hukohuko Tororo ili aikague mwenyewe, lakini ukurasa wa mipangilio ya ruta ulifunguka nusu, ukaganda.

Rasto akaingia ofisini akijifuta jasho kwa kofia.

"Mathe, hapa ni moto. Hao watoto wako wanalia vibaya."

"Umesimama wapi?"

"Kivulini, kwa ukuta. Nimeinua turubai pande zote, nimelowesha magunia nimefunika juu. Sasa nabaki kuwaimbia tu."

"Waimbie basi."

"Mimi ni dere, si mama kuku." Akageuka kutoka, kisha akasimama mlangoni. "Lakini wakilia ni sawa. Wakinyamaza, hapo ndio kuna noma."

Zubaida anakumbuka kwamba tangu dakika hiyo alikuwa akisikiliza kwa sikio moja simu na kwa sikio jingine ukuta.

Anjeline naye alipiga kutoka Masinya. Wanawake walikuwa wamekwisha kutandika maranda kwenye banda na kuwasha mkaa katika vyungu ili kulipasha joto. Zubaida alijiandaa kwa maswali: wako wapi, kwa nini, saa ngapi. Anjeline hakuuliza hata moja.

"Mama Hamidah, maranda tayari. Mkaa umeshika," alisema. "Sisi tuko tu."

Kisha simu ikakatika.

"Angenigombeza ningepumua," anasema Zubaida. "Lile 'tuko tu' halikunipa hata pa kujitetea."

Simu ya Oketcho nayo ilikuwa imekatika. Alipojaribu kumpigia Zubaida kwa namba ya siku zote, hakupatikana. Ndipo alipotazama namba aliyokuwa akiongea nayo asubuhi yote. Ilikuwa ya Kenya. Hakuwa ameizingatia, kwa kuwa watu wa Busia humpigia kwa namba yoyote iliyo karibu na kidole. Akaipiga.

"Mama Hamidah, namba yako ya huku iko wapi?"

"Mnara yetu ilizimika na ile upepo. Natumia ya ng'ambo."

"Simu tu?"

"Simu, ruta, yote."

Vifaranga walisikika.

"Ruta umeipa laini ya Kenya."

"Toka juzi."

"Na mimi nimekuuliza umebadilisha nini."

"Sijabadilisha!" Zubaida alikuwa amekasirika kweli. "Nimevuka tu!"

Kosa halikuwa la mmoja. Zubaida hakusema kwa sababu Busia kuvuka si habari. Oketcho, siku alipoweka ile njia iliyofungwa, aliipima kwa laini ya Uganda peke yake, kwa sababu yeye ni mtu wa Tororo, na Tororo mtu mwenye laini moja anaishi vizuri. Haikumpitikia kwamba ruta nayo inaweza kuwa na uraia wa pande mbili.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Kompyuta haitumi hati nzima kwa mkupuo. Huikata vipande, kila kipande ni pakiti, na upande wa pili huvipanga upya. Kila njia ina kikomo cha ukubwa wa pakiti inayoweza kupita bila kukatwakatwa. Kikomo cha kawaida ni baiti 1500. Njia iliyofungwa hula sehemu ya nafasi hiyo, maana kila pakiti hutiwa ndani ya pakiti nyingine kabla ya kusafiri. Oketcho alikuwa amelipigia hilo hesabu na kupunguza ukubwa ili mzigo na kifungashio chake vitoshe kwenye laini ya Uganda. Njia ya laini ya Kenya, mahali fulani huko katikati, ilikuwa nyembamba zaidi.

Kwa utaratibu, mtambo unaokutana na pakiti kubwa kuliko nafasi yake hurudisha taarifa kwa aliyetuma: punguza. Lakini mitambo mingi imeamriwa isitoe taarifa za aina hiyo, kwa hofu ya wahalifu wa mitandaoni. Hivyo pakiti inatupwa kimyakimya. Kompyuta ya Zubaida haikuambiwa lolote, ikangoja, ikatuma pakiti ileile yenye ukubwa uleule. Ikatupwa tena. Ujumbe mfupi ulipita kwa sababu haukujaza pakiti.

Oketcho alijaribu kulieleza hilo kwa simu. Alianza na bahasha ndani ya bahasha, akaingia kwenye vichwa vya pakiti, akapotea mwenyewe. Zubaida alikuwa akitazama nje ya dirisha, na nje ya dirisha mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi.

"Ngoja," alisema. "Unasema gunia limetiwa ndani ya gunia lingine."

"Eeh. Kama hivyo."

"Baba yangu alikataza hiyo. Mvua ikinyesha wachukuzi walikuwa wanafunga gunia mara mbili, mahindi isilowe. Halafu ikifika pale mpakani, kwa vile vyuma viwili vya kupita katikati, haipiti. Imenenepa."

"Na mlinzi anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anakuangalia tu. Wewe unarudi nyuma, unakuja tena na gunia lilelile."

"Basi Mama Hamidah, ni hiyo. Umenimalizia kazi. Sasa tutafute vyuma vyako viko na upana gani."

Oketcho mwenyewe hakuweza kuifikia ruta, kwani ukurasa wake ulikuwa mmoja wa vitu vinene visivyopita. Ilibidi Zubaida awe mikono yake. Oketcho alimwelekeza kufungua lile dirisha jeusi la maandishi, akamtajia amri herufi kwa herufi. Amri hiyo hutuma pakiti moja ya majaribio yenye ukubwa unaoutaka na kuikataza isikatwe njiani. Ikipita, jibu linarudi. Isipopita, unabaki na ukimya.

"Weka elfu moja na mia nne."

"Kimya."

"Weka elfu moja na mia tatu."

Zubaida alipiga kelele. "Imejibu! Imejibu, Oketcho!"

"Usiruke. Panda kidogo. Na hamsini."

"Kimya."

"Rudi. Na ishirini."

"Imejibu."

Wakawa wanapanda na kushuka hivyo, mmoja akitaja, mwingine akijaribu, hadi wakaufikia mpaka wenyewe: 1332 inajibu, 1333 haijibu. Oketcho akaongeza baiti 28, ambazo ni za anwani na maelezo yanayobandikwa kwenye kila pakiti. Jumla, 1360.

"Sasa ingia kwa ruta. Tafuta mahali imeandikwa MTU."

"Mtu gani?"

"Herufi tatu za Kiingereza tu, za ule ukubwa wa gunia, Mama Hamidah. Si mtu wa watu. Umeona namba hapo?"

"Naona."

"Futa. Andika elfu moja mia tatu sitini."

Vidole vya Zubaida vilisita juu ya vitufe. "Hiyo ndiyo upana wa vyuma kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Basi ni kubwa. Mchukuzi anaacha nafasi ya vidole. Gunia likijaa mpaka kwa chuma, mkono unachunika."

Oketcho anakiri kwamba kwa kawaida huchukua namba kubwa kuliko zote inayopita, kwa sababu pakiti ndogo kupita kiasi hupoteza mwendo. Lakini mnara wa jirani ulikuwa umekufa, wa ng'ambo ulikuwa umebeba watu wa miji miwili, na hakujua njia ile ingekaa hivyo kwa muda gani. "Vidole" vya Zubaida vilikuwa na maana.

"Weka 1340," alisema. "Hifadhi. Halafu usiguse kitu."

Ruta ilizima taa zake zote. Ikawaka nyekundu, ikakaa na nyekundu hiyo. Nje, Zubaida hakusikia kitu. Alisimama, akafika mlangoni, akamwona Rasto amechutama nyuma ya gari, ameweka sikio kwenye boksi la juu.

"Rasto! Wamenyamaza?"

Rasto aliinua mkono kumnyamazisha yeye. Kisha akatoa boksi lile, akalishusha chini kwenye saruji iliyokuwa kivulini, akalifungua kifuniko. Sauti nyembamba ikatoka, kisha nyingi.

"Hili la juu ndilo limechoka," alisema. "Hawa wengine bado wako fiti. Lakini mathe, usichukue saa nyingine."

Zubaida aliporudi mezani taa ilikuwa kijani. Akafungua mfumo, na picha zilizokosekana asubuhi zikajichora ukurasani moja baada ya nyingine. Akaambatisha cheti, kibali na hati. Akabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza, ukasogea kidogo, ukafika pale ulipozoea kusimama, ukapita.

Hakuondoa macho mpaka neno "imepokelewa" lilipotokea. Oketcho alikuwa bado kwenye simu.

"Imekwenda?" aliuliza mwishowe.

"Imekwenda." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Oketcho, asante kwa kuniuliza tena kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukujibu."

Mafundi hawashukuriwi sana, na wakishukuriwa ni kwa jumla. Oketcho anasema alibaki ameshika simu, hajui aweke wapi sentensi ile.

Ofisa wa forodha alizikagua karatasi, daktari wa mifugo akachungulia maboksi, na Rasto akaondoka kuelekea Masinya huku turubai likipepea. Kabla hajatia gia Zubaida alimfuata dirishani, akamshukuru kwa kulishusha lile boksi la juu bila kungoja kuambiwa. Rasto alimtazama kana kwamba ameombwa kitu.

"Si ni kazi, mathe."

"Najua ni kazi. Ndiyo nakushukuru kwa hiyo kazi."

Katika boksi lile la juu baadhi ya vifaranga walikufa, na Anjeline alimweleza Zubaida hivyo bila kumficha. Waliobaki waliingia kwenye maranda, wakanywa maji yenye sukari, wakalala karibu na vyungu vya mkaa.

Mnara wa upande wa Uganda ulitengenezwa, na Zubaida akarudisha laini ya zamani. Siku hiyo alimtumia Oketcho ujumbe wa neno moja: "Nimerudi." Imekuwa desturi yao. Akihamia laini ya Kenya huandika "Nimevuka," na Oketcho hujibu "Pita salama," kisha hupima njia kabla hajauliza lingine. Ameanza pia kuzipima ruta za ofisi nyingine za mpakani anazozihudumia, kwa laini zote mbili, na anasema amekuta vyuma vilivyobanana mahali pengi ambako watu walikuwa wakilaumu mawingu.

Kuroila walipokua, Anjeline aliwaalika chakula Masinya. Zubaida alikwenda na mumewe, Twaibu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu na siku hiyo kwa bahati alikuwa nyumbani. Oketcho alitoka Tororo kwa pikipiki, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Ilikuwa mara yake ya pili kuonana na Zubaida ana kwa ana.

"Kumbe uko na mwili," Zubaida alimwambia. "Nilizoea sauti."

Nyumba ya Anjeline ni ya Wakristo, lakini kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa mgeni Mwislamu. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, mzima, akimngoja Twaibu amchinje kwa mkono wake. Kisu kilikuwa kipya. Sufuria pia ilikuwa mpya, na Anjeline alihakikisha Zubaida anaiona bado ina karatasi ya dukani chini yake. Twaibu alisoma bismillahi, akachinja, akawarudishia wanawake.

Chakula kilipoletwa kulikuwa na jambo dogo. Katika nyumba za Wasamia, kabila la akina Anjeline, firigisi la kuku ni la mwenye nyumba, au la mwanamume mgeni anayeheshimiwa. Wote walimtazama Twaibu. Anjeline alipita mbele yake na kijiko, akaliweka kwenye sahani ya Zubaida.

Shemeji wa Anjeline, mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alikohoa. "Anjeline, hiyo ni ya wanaume."

"Mwanamume gani alipitisha vifaranga?"

"Huyu," alisema Zubaida, akimwonyesha Oketcho.

"Mimi nilikuwa Tororo," alisema Oketcho. "Sikushika kitu hata kimoja."

"Basi mnaona," alisema Twaibu, "mimi sina haja. Nimeoa mtu wa firigisi."

Walicheka, na mzee naye akacheka mwishoni, baada ya wengine kumaliza. Zubaida aliomba kisu. Alilikata firigisi vipande vidogo, akampa Oketcho, akampa mumewe, akampelekea mzee cha kwake mlangoni kwa mikono miwili, akabaki na kimoja.

Kisha akamgeukia Anjeline. Alikuwa ameliweka neno hili moyoni tangu masika.

"Mama, asante kwa ile siku. Ulinipigia ukasema 'tuko tu,' ukakata. Hukuniuliza hata swali moja. Ungeniuliza ningelia, na mikono yangu ilikuwa na kazi."

Anjeline aliweka chini bakuli la mchuzi. Aliwatazama wenzake wa kikundi, nao wakaanza kuziba midomo wasicheke.

"Mama Hamidah," alisema, "nilikuwa na maswali mengi sana. Ile namba yako ya Kenya ilikula salio yangu yote."

Zubaida alifikiri kidogo, kipande chake cha firigisi kikiwa bado mkononi.

"Basi asante kwa kutokopa salio," alisema, akala.